Sufuria ya presha ya lita sita, baada ya miezi kumi na minne

Lita sita zilizoandikwa kwenye boksi si lita sita. Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo lililonikera zaidi, na kama kuna mtu ananunua leo kwa ajili ya watu sita kama nyumbani kwangu, afadhali alijue kabla hajatoa hela. Sufuria ya presha haijazwi hadi juu. Supu, nyama na vyakula vya kawaida vinaishia theluthi mbili ya kimo chake. Maharage, dengu, mchele na chochote kinachoumuka au kutoa povu kinaishia nusu. Kwa hiyo siku ya maharage, ambayo kwetu ni siku nyingi, nina sufuria ya lita tatu pamoja na maji yake. Inatutosha, ila ni kwa sababu nimeshajifunza kuipigia hesabu. Ningejua, ningechukua ya lita nane.

Niliinunua kwa sababu ya gesi. Mume wangu alikuwa amepunguziwa siku za kazi kutoka sita hadi tatu, na usiku mmoja tulikaa mezani na kalamu kuangalia nini kinakatwa. Kodi haikatiki. Nauli haikatiki. Ada ndiyo kabisa. Siku zote kinachobaki kukatwa ni tumbo, na ndivyo tulivyofanya kwa miezi miwili: nyama ikatoka, matunda yakatoka, vikaingia vitu vya kukaanga vya kununua njiani na mkate mweupe, kwa kuwa vilikuwa tayari na vilijaza. Cha ajabu hatukuokoa kitu cha maana. Na muda wote huo maharage makavu yalikuwa yamelala kabatini, rahisi kuliko vyote tulivyokuwa tunakula, hakuna anayeyagusa katikati ya wiki. Mimi narudi nyumbani saa kumi na mbili jioni. Maharage yakipanda jikoni saa kumi na mbili na nusu, yanaiva watoto wameshalala.

Sufuria ilikula bajeti yetu ya chakula ya siku tisa. Nilichukua kwenye akiba bila kumwambia mtu. Nilipokuwa nafungua boksi, mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alisimama mlangoni akaitazama weee, kisha akaniuliza: "Mwanangu, ni bomu hilo umetuletea?" Ana sababu zake. Ujanani aliwahi kuona moja ikirusha mfuniko, na doa la mchuzi lilibaki darini mpaka walipohama nyumba ile.

Yangu ni ya kuweka juu ya jiko, si ya umeme. Nilichagua ya chuma kisichoshika kutu ingawa ya alumini ilikuwa nusu ya bei. Alumini ni nyepesi na inapata moto upesi, lakini vitu vichachu kama nyanya na limau huila taratibu, na mimi nyanya hainipiti siku. Sitaki kila chakula kikiiva nikimbilie kukihamishia chombo kingine. Ubaya wa chuma ni uzito. Ikiwa na chakula nusu, binti yangu wa miaka kumi na mmoja hawezi kuinyanyua. Kitako ni kinene, mipini ni miwili, mfuniko unaingia kwa kuzungushwa mpaka alama mbili zikutane. Juu yake kuna filimbi, yaani kile kizito kinachokalia tundu la mvuke, na pembeni kuna valvu ya usalama. Ndani ya mfuniko kuna mpira wa kuziba. Basi, ni hivyo tu, na kila tatizo nililolipata lilitoka ama kwenye tundu lile ama kwenye mpira ule.

Siri yake ni mvuke uliokosa pa kutokea. Kwenye sufuria ya kawaida, usawa wa bahari, maji yanachemka kwa nyuzi 100 na hayavuki hapo hata uwashe moto wa kuzimu. Moto wa ziada unaondoka na mvuke, na gesi inaondoka nao. Ukiuziba mvuke, presha inapanda, na maji yanafika kama nyuzi 120. Nyuzi 20 zinasikika kidogo, lakini kwa maharage ni tofauti ya saa nzima. Wanaoishi milimani, kwenye mita 1,500 kwenda juu, ambako maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi na maharage yanagoma kabisa, wataipenda kuliko mimi.

Aliyeibuni ni Mfaransa Denis Papin, mwaka 1679, akiwa London, na shida iliyomsumbua haikuwa mbali na yangu: mifupa. Alitaka mifupa migumu ilainike mpaka ifae kuliwa, na miaka mitatu baadaye aliwapikia wanasayansi wa huko chakula cha jioni kwa chombo hicho, mifupa ikatoka laini kama jibini. Ni yeye pia aliyekiwekea valvu ya usalama. Habari hii nilimsimulia mama mkwe nikidhani itamtuliza. Akaniuliza kama huyo Papin alikuwa na wajukuu ndani ya nyumba.

Sasa muda, maana hapa ndipo wauzaji wanapopunja. Kijitabu kilichokuja nayo kinasema maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa dakika 10. Kweli, lakini dakika hizo zinahesabiwa kuanzia filimbi inapoanza kuchezacheza. Kabla ya hapo sufuria inahitaji dakika kumi hadi kumi na mbili kupandisha presha, na baada ya kuzima inahitaji nyingine kumi na kitu kuishusha yenyewe. Nimepima kwa simu mara nyingi: kwa maharage mekundu yaliyolala kwenye maji, mimi napika dakika 12, na kutoka kuwasha hadi kufungua ni dakika 35 au 38. Jiko limewaka kama dakika 24 tu, na nusu yake ni kwa moto mdogo kabisa, kwa sababu filimbi ikishacheza unapunguza moto mpaka inong'one. Maharage hayo hayo kwenye sufuria ya kawaida yalikuwa yananichukua saa moja na nusu. Mtungi wa gesi uliokuwa unaisha wiki ya tano sasa unaingia ya nane. Yasiyolowekwa nayo yanaiva, kwa dakika 30 hadi 40 za presha, ila yanapasuka ovyo, mengine uji, mengine mawe. Sifanyi tena labda nimesahau.

Kupiga filimbi kwa nguvu si dalili kwamba inapika vizuri. Mwezi wa kwanza wote nilikuwa naacha inapiga kelele mpaka jirani anachungulia, nikiamini ndio presha yenyewe. Kumbe ile kelele ni presha iliyozidi inatupwa nje, na maji yangu na gesi yangu vinatupwa nayo.

Jirani huyo huyo ndiye aliyekuwa amenishauri ninunue ile ya umeme inayopika polepole kutwa nzima, unawasha asubuhi unakuta chakula jioni. Ni kitu kizuri kwa nyama, lakini kwa maharage mekundu nina neno nayo. Yale mekundu makubwa yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na sumu hiyo inavunjwa na mchemko wa nguvu: uloweke saa tano au zaidi, umwage maji, kisha yachemke kwelikweli dakika 10 au zaidi. Chombo cha kupika polepole huenda kisifike kwenye mchemko huo. Anayekitumia na ayachemshe kwanza pembeni. Presha inamaliza jambo hilo yenyewe.

Hesabu ya chakula ndiyo iliyonishangaza. Nusu kilo ya maharage makavu ina karibu gramu 110 za protini. Ikiiva inakuwa kilo moja na robo hivi. Gawanya kwa watu sita: kila mmoja anapata bakuli la gramu 200 lenye protini kama gramu 18, sawasawa na kumpa mayai matatu. Jaribu kununua mayai kumi na nane kwa bei ya nusu kilo ya maharage. Ukiyala na wali au nafaka nyingine, vile ambavyo protini ya maharage imepungukiwa nafaka inavyo, na nafaka ilikopungukiwa maharage yanafidia. Kubwa nililolibadilisha ni dogo sana: tunakamulia limau au tunakula nyanya mbichi pembeni, kwa sababu madini ya chuma ya kwenye maharage hayaingii mwilini kirahisi bila vitamini C, na chai tumeihamishia mbali na chakula maana inayazuia madini hayo. Mume wangu hadi leo anaichukulia hii kama adhabu.

Kuhusu chumvi tuligombana. Mama mkwe amepika miaka hamsini akijua kwamba chumvi ikitangulia maharage hayaivi, na mimi nilikuwa nimekwisha kujaribu kuweka kijiko kimoja cha chakula kwenye lita mbili za maji ya kulowekea, nikakuta ngozi zinakuwa laini na punje hazipasuki. Ngozi ya maharage inashikiliwa na kalsiamu na magnesiamu, na chumvi inazitoa hizo ikakaa mahali pake. Maji yale unayamwaga na kusuuza, hivyo chumvi yenyewe haibaki nyingi. Nilimwonyesha bakuli mbili, la chumvi na lisilo na chumvi, zimepikwa siku moja. Alionja zote mbili akasema zote hazina ladha. Ikaishia hapo.

Na kwa ladha hakukosea. Hii ni dosari ya kweli, na sijaona mtu akiisema waziwazi. Presha haipunguzi maji. Kwenye sufuria ya wazi mchuzi unachemka, unapungua, unakuwa mzito, vitunguu vinayeyuka, kila nusu saa unaonja na kurekebisha. Humu ndani ulichoweka ndicho utakachokikuta, na maji yote yapo. Mara tatu za kwanza nilipakua maharage yanaelea kwenye maji ya rangi ya chai. Nilichofanya tangu hapo ni kupunguza maji, yafunike maharage kwa upana wa vidole viwili tu (lakini yasiwe chini ya kikombe kimoja, bila maji ya kutosha hakuna mvuke na kitako kinaungua). Kisha nikishafungua, nachukua upawa mmoja wa maharage, nayaponda kwa mgongo wa upawa ubavuni mwa sufuria ile ile, narudisha kwenye mchuzi, naacha bila mfuniko dakika tano. Unauona mchuzi unabadilika mbele yako, kutoka maji hadi kitu kinachoshika kijiko. Vitunguu na nyanya navikaangia humo humo kabla ya kufunga, chombo kimoja, mafuta vijiko viwili. Vile vipande vya viungo vya kuongezea ladha nimeacha. Kwa sehemu kubwa ni chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, chini kidogo ya kijiko cha chai. Tukitumia vile vipande tulikuwa tunazimaliza kwenye mlo mmoja.

Mkasa wangu ulikuja wiki ya sita, na makosa ni yangu. Nilikuwa na wageni, nikajaza dengu zilizopasuliwa mpaka robo tatu, nikijiambia mara moja haidhuru. Dengu zilizopasuliwa zina povu kuliko kitu chochote ninachokijua jikoni. Filimbi ilicheza kidogo ikanyamaza. Ukimya ule ndio hatari: povu lilikuwa limeingia kwenye tundu la mvuke na kuliziba. Nilizima jiko, nikasimama mbali, na baada ya muda valvu ya usalama ikafanya kazi iliyowekewa, ikatema mvuke na uji wa njano hadi kwenye pazia. Hakuna aliyeungua. Mfuniko haukusogea hata kidogo. Lakini mama mkwe alikuwa sebuleni na wageni, na kile kishindo kilimpa ushindi wa mwezi mzima. Tangu hapo najaza nusu na si punje zaidi, naweka kijiko kimoja cha mafuta ili povu lipungue, na kabla ya kila mapishi nainua mfuniko juu kwenye mwanga nichungulie tundu. Ukiona mwanga, pika. Usipouona, tafuta sindano.

Mboga za majani, usiweke. Nasema hivi kwa sababu kijitabu kina mapishi yake. Dakika mbili tu za presha na mchicha umekuwa kitambaa. Kabichi nayo ndiyo usiseme, inanuka nyumba nzima. Kwa haki, karoti, viazi na maboga vinatoka vizuri, na kwa kuwa muda ni mfupi na maji ni machache, vitamini zinazopotea huwa chache kuliko kwenye kuchemsha kwa muda mrefu. Lakini majani nayatupia mwishoni, mfuniko ukiwa umeshafunguliwa, yanaiva kwa joto la mchuzi. Wali nimeupika humo mara mbili nikarudi kwenye sufuria yangu ya zamani.

Mahali inapostahili sifa zote ni kwenye nyama isiyotakiwa na mtu. Shingo, kwato, kongoro, mifupa yenye kano, vile ambavyo muuza nyama anakuwekea pembeni kwa bei ya huruma. Kano zile zinahitaji saa tatu kwenye moto wa kawaida ndipo zigeuke ule utelezi unaofanya supu igande ikipoa. Humu ni dakika 45 hadi saa moja. Jumamosi napika mifupa, naichuja, nagawa supu kwenye vyombo vinne, naingiza kwenye friza. Wiki nzima dengu na viazi vinapikwa kwa supu hiyo badala ya maji, na watoto wanadai kuna nyama. Huwa sikatai. Naharakisha kuipoza, maana chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa nje zaidi ya saa mbili. Naitosa sufuria yenye supu kwenye beseni la maji baridi.

Kwa hiyo wiki yetu inakwenda hivi: mifupa Jumamosi, maharage kilo moja Jumapili kwa awamu mbili, nusu yake inagandishwa. Jumatatu na Jumanne nimepumzika. Jumatano dengu, ambazo hazihitaji hata kulowekwa. Alhamisi yale ya friza. Hela iliyobaki kwenye nyama na vitu vya njiani imerudi kuwa matunda, na hili ndilo ambalo sikulitarajia nilipokuwa nahesabu gesi tu.

Mpira ni gharama ambayo hawakutajii. Wa kwanza ulianza kulegea mwezi wa kumi na moja. Mvuke ukawa unatoka pembeni ya mfuniko na presha haipandi. Wa kubadilisha haukuwa ghali, ila ilinibidi nizunguke maduka manne kuupata unaolingana, na duka lililoniuzia sufuria lilinijibu kwamba wao hawauzi vipuri, ninunue sufuria nyingine. Kabla hujanunua, uliza mpira wake. Kama hawana, ondoka. Na ukishanunua, kila ukimaliza kupika utoe, uuoshe peke yake, uuache ukauke nje ya mfuniko, la sivyo utakula uji wenye harufu ya kitunguu saumu.

Naipa nyota nne. Moja nimeitoa kwa ajili ya lita zake za kwenye boksi na kile kijitabu. Anayeishi peke yake au anayekuwapo nyumbani mchana kutwa na ana jiko lisilomgharimu kitu, sioni kwa nini aitumbukizie hela.

Mama mkwe hajawahi kuigusa. Nikianza kufungua mfuniko anatoka jikoni, hata kama presha imeshashuka robo saa nzima. Usiku huu nimeingia kulowekea maharage ya kesho nikakuta bakuli limeshafunikwa kwa sahani, maharage yameshalowekwa. Nimechovya kidole nikaonja yale maji. Yana chumvi.